Mama Aliyeacha Kuita

Mama alipoacha kuita, Fundi alifurahi. Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana wanaoisimulia habari hii hukimbilia machozi yake, na machozi yalikuja baadaye sana. Kwanza ilikuja furaha. Asubuhi nzima ilipita bila "Kitinda!" kupenya ukutani, mchana nao ukapita, na Fundi akarekodi somo la kutia mkono wa gauni kwa mkupuo mmoja, akalihariri, akalipandisha mtandaoni kabla ya saa yake. Akajisemea kwamba mama kapata nafuu. Akajitengenezea chai akanywa ikiwa moto, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

Kitinda ni yeye, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Mama ndiye pekee aliyemwita hivyo. Watu wengine wote walimwita Fundi. Zamani alikuwa na kibanda cha ushonaji karibu na kituo cha mabasi, na cherehani zake, na kioo kirefu cha wateja kujigeuzageuza, mpaka nguo za kununua tayari zilipowamaliza mafundi wa mtaa ule mmoja baada ya mwingine. Wenzake waligeukia kuuza vocha na maji baridi. Yeye aliinunulia simu yake kistendi na taa ya duara, akaanza kufundisha watu kukata nguo. Anayetaka kujua jinsi ya kuchora kwapa lisilovuta, au kola inayokaa shingoni bila kujikunja, analipa ada ya mwezi na kila juma anapata masomo. Na alijua kufundisha, jamani. Alikuwa na namna ya kuiweka chaki juu ya kitambaa na kunyamaza kidogo kabla ya kuchora, mpaka mtu aliyeko mbali asiyewahi kushika mkasi anajikuta ameacha kupumua.

Sasa mama akavunjika nyonga. Kaka yake Fundi, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, aliitisha kikao cha familia, yaani yeye, mkewe na Fundi, akakata shauri kabla chai haijamiminwa. Mama akae kwa Fundi, kwa sababu Fundi yuko nyumbani tu. Yuko nyumbani tu! Mtu anaamka kabla ya majogoo kupiga pasi vitambaa vya somo, anasimama chini ya taa inayomchoma macho, anaongea peke yake mpaka koo linakauka, halafu kaka mtu ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri mteja wa breki anakwambia uko nyumbani tu. Fundi alimeza mate, akasema sawa. Nyinyi mngesema nini? Ni mama.

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo, ukuta mmoja na chumba cha mama. Kuta alizifunika mablanketi ili sauti isirudi, na mlangoni, kwa ndani, aliegemeza godoro kuukuu la mama, lenye maua ya bluu na alama ya pasi iliyolichoma pembeni, ambalo mama na marehemu baba walilalia miaka na miaka. Nje ya mlango alibandika karatasi: NAREKODI. Alimweleza mama kwamba karatasi ikiwa pale, asiite ila kwa jambo kubwa.

Lakini mama alikuwa amekula chumvi nyingi akiwa msimamizi wa jiko la shule ya bweni, na sauti yake iliumbwa kutoka jikoni kufika uwanjani. Tena kwake hakukuwa na jambo dogo. Aliita kwa ajili ya maji, kwa ajili ya dirisha, kwa ajili ya mkongojo ulioangukia chini ya kitanda, na mara nyingine aliita tu kuuliza nani yule kapita nje anacheka. Blanketi gani litazuia hiyo? Somo linaharibika katikati, Fundi anaanza upya, kitambaa kimeshakatwa, anatafuta kingine. Masomo yakaanza kuchelewa, na wanafunzi wake wakaanza kujitoa mmoja mmoja, kimyakimya, kama watu wanaoondoka msibani.

Alikuwa na wenzake wa kumsaidia, au ndivyo alivyoamini. Kazi hii ya kuongea na simu chumbani inaweza kumtia mtu wazimu, ndiyo maana wanaoifanya hutafutana. Kikundi chao kilikuwa cha wanne, wote wanaishi kwa ada za mwezi za watu wasiowafahamu. Kulikuwa na Mwalimu, mstaafu aliyekuwa akifundisha hesabu za mitihani. Kulikuwa na Bwana Kuku, ambaye kazi yake mnaijua kwa jina. Na kulikuwa na Tulizo. Huyu alikuwa na sauti laini ya asali, na kwa sauti hiyo alirekodi maongezi ya kuwaliwaza wagonjwa na wanaowauguza. Hawakuwahi kushikana mikono, walionana kwenye kioo cha simu tu, kila Alhamisi asubuhi, na kazi yao ilikuwa kunoana.

Walikuwa na taratibu zao. Kila Alhamisi mmoja wao hukaa Kitini. Anaeleza linalomkwamisha, kisha anazima kipaza sauti chake, na wenzake wanamjadili kana kwamba hayupo. Mwalimu ndiye aliyeleta utaratibu huo, akidai kwamba mtu akipewa nafasi ya kujitetea hasikii kitu. Yanayosemwa Kitini hayatoki nje. Na kabla ya kuagana, kila mmoja lazima aseme anaondoka na nini, yaani kitu alichookota pale ambacho atakitumia kwenye kazi yake juma hilo. Hakuna kuondoka mikono mitupu.

Halafu kulikuwa na desturi moja ya kuungana mkono, kwamba kila mmoja alipie uanachama wa mwenzake. Fundi hakuwa na kuku wala mtihani, lakini alilipa. Uanachama wa Tulizo aliuhamishia kwenye simu ya mama, akamnunulia vipokea sauti vya masikioni, akamwonyesha pa kubonyeza. Alifikiri ameipata dawa ya kelele. Na mama alimpenda Tulizo mno. Alikuwa akisema yule binti ana adabu, anaongea na mtu mzima kama mtu mzima, si kama mtoto mchanga.

Zamu ya Fundi ilipofika, alikaa Kitini akiwa na nia ya kuzungumzia wanafunzi wanaojitoa. Akasema masomo yanachelewa. Bwana Kuku akauliza yanachelewa kwa nini. Swali la kawaida kabisa, la mtu anayechokonoa meno, na sijui kama Fundi mwenyewe alijua kitakachomtoka. Alianza na ukuta mmoja, akaja kwenye sauti ya mama, na ghafla dukuduku lote likamwagika. Kwamba siku hizi huibandika karatasi ya NAREKODI hata wakati harekodi.

"Namsikia vizuri," alisema. "Nimekaa chini tu, nyuma ya godoro la mama, natafuna karanga. Naacha aite mpaka achoke."

Akageuza simu wakaliona godoro lenyewe, akasema ndilo wazazi wake walilolalia, kisha akazima kipaza sauti kama utaratibu unavyotaka, akabaki anawatazama. Bwana Kuku alisema atafutwe msichana wa kazi, akaeleza na namna ya kumpata. Mwalimu alitaka ratiba, saa za mama na saa za kazi zisiingiliane. Tulizo hakuongea sana. Alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kitenge, na Fundi, pamoja na aibu yake, aliona angalau kuna mtu mmoja amemwelewa. Walipofika mwisho, Mwalimu akasema anaondoka na ratiba, Bwana Kuku akasema anaondoka na wazo la kuuliza wateja wake kwa nini wanajitoa. Tulizo akasema yeye anaondoka na ukweli wa Fundi. Wote wakaona ni neno zuri. Fundi alilala vizuri siku ile, kifua chepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Na mara baada ya hapo ndipo mama akaacha kuita.

Hakununa. Angenuna ingekuwa nafuu, maana mama akinuna nyumba nzima inajua. Badala yake akawa na adabu. Akiletewa chakula anasema asante sana, hata kikiwa kimepoa. Akibadilishiwa shuka anasema samahani kwa usumbufu. Alianza kujikokota mwenyewe mpaka msalani akiegemea stuli, akiisukuma polepole ili isipige kelele sakafuni. Fundi aliisikia ile stuli, asidanganye mtu kwamba hakuisikia. Akaona ni mazoezi, na daktari si alisema mama afanye mazoezi? Masomo yakawa yanatoka kwa wakati, wanafunzi wapya wakajiunga, na Alhamisi ile Mwalimu alimpongeza mbele ya wote kwa kufuata ratiba. Kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote tangu aanze kazi, na alikifurahia, ndiyo, alikifurahia kwa meno yote nje.

Mpaka siku aliyokuwa anafundisha kushona zipu iliyofichika. Siku hiyo karatasi ilisema kweli. Alimaliza, akasogeza godoro, akafungua mlango, akamkuta mama ameketi sakafuni, mgongo ukutani, stuli imelala ubavu kando yake. Kanga yake ilikuwa imelowa na sakafu chini yake imelowa. Miguu ilikuwa imenyooka mbele kama ya mtoto. Hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa tu anasubiri, na kwa jinsi ule mkojo ulivyokuwa umeshaanza kukaukia kwenye saruji, alikuwa amesubiri kwa muda mrefu.

Fundi alipiga magoti, akamkumbatia, akamkagua nyonga, akamlaumu kwa hofu kama watu wanavyofanya. Kwa nini hakuita? Ni hatua chache tu baina yao, kwa nini hakuita?

Mama alimtazama kwa upole. "Ningeita, ungeniacha niite mpaka nichoke," alisema. "Nikaona nianze kuchoka mapema."

Maneno yale Fundi aliyajua. Hakuna mtu anayesahau maneno yaliyomtoka kinywani siku kama ile. Alimwogesha mama, akambadilisha nguo, akamlaza, na mikono yake ilifanya kazi yote hiyo bila yeye kuwepo. Kisha akaichukua simu ya mama, akavaa vile vipokea sauti alivyomnunulia mwenyewe, akaanza kusikiliza maongezi ya Tulizo akirudi nyuma, moja baada ya jingine.

Aliyapata. Tulizo alikuwa ameanza kwa kusema ana rafiki yake, mwanamke mwema, anayefundisha ususi. Ususi, si ushonaji. Alikuwa amejitahidi kuficha. Rafiki huyo anamuuguza mama yake mzazi. Na Tulizo, kwa ile sauti yake, akasimulia yote: karatasi mlangoni, karanga, na yule mwanamke aliyejikunyata sakafuni nyuma ya godoro kuukuu lenye maua ya bluu na alama ya pasi pembeni, godoro ambalo wazazi wake walilalia. "Namsikia vizuri. Naacha aite mpaka achoke." Baada ya hapo yakafuata maneno ya faraja kwa wauguzaji wote waliochoka, msijihukumu, nyinyi ni binadamu. Na kwa wauguzwa, msiwachukie. Maongezi mazuri, kusema haki. Mtu yeyote mwingine angeyasikia angepona kidogo.

Alimpigia simu papo hapo. Tulizo hakukana, wala hakuona pa kukana. Alisema jina hakulitaja, hata kazi aliibadilisha. Fundi akamuuliza, na godoro je?

"Godoro ndilo lililowaliza watu," Tulizo alisema. "Ningelitoa, yangebaki maneno tu. Wewe unafundisha, unalijua hilo."

Na lililomchoma Fundi kuliko yote ni kwamba alilijua kweli. Naye pia angelibakiza. Mara ngapi alikuwa amewaonyesha wanafunzi wake gauni la harusi la mteja fulani, lililopasuka mgongoni ukumbini kwa sababu bibi harusi alificha mimba, akabadilisha rangi ya gauni na kubakiza mpasuko? Tulizo aliendelea kusema ameumia sana kusikia mama ameyasikia, na alikuwa analia kwelikweli, na katikati ya kilio akasema maongezi yale ndiyo yaliyosikilizwa kuliko yote aliyowahi kurekodi, kwamba Fundi amewasaidia wengi asiowajua. Fundi akakata simu.

Alhamisi akaomba Kiti. Sijui alitaka nini. Labda alitaka mtu mmoja tu aseme hili ni baya. Alieleza kwa ufupi, akazima kipaza sauti, mjinga wa watu, kwa mazoea. Nao wakamjadili kana kwamba hayupo. Mwalimu alilipima lile jambo pande zote mbili. Ni kweli ya Kitini hayatoki nje, alisema, lakini ni kweli pia kwamba kila mtu anatakiwa aondoke na kitu, kwa hiyo hapa taratibu zenyewe zimegongana na itabidi ziandikwe upya. Tulizo alikuwa ameinamisha uso. Bwana Kuku akauliza, bila ubaya wowote, kwani uanachama ule nani aliuweka kwenye simu ya mama? Kisha akasema lakini kuna jema hapa, kwamba Fundi na mama yake wakae pamoja mbele ya simu, mama afundishe jambo moja tu, hata kushona kifungo, watu waone wamepatana. Wanafunzi watalipenda hilo. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

Fundi alikuwa anapiga kelele. Alikuwa amesimama ndani ya stoo yake, mishipa ya shingo imemtoka, anawatukana mmoja baada ya mwingine kwa matusi aliyosahau kwamba anayajua, na wao waliona midomo ikicheza wakasubiri kwa adabu amalize, kwa kuwa aliyeko Kitini hasikiki. Alipowasha kipaza sauti, pumzi ilikuwa imemwishia. Mwalimu akamuuliza leo anaondoka na nini. Akazima simu. Hakurudi tena, nao hawakumtafuta isipokuwa Tulizo, aliyemwandikia ujumbe mrefu ambao haukusomwa.

Kwa mama aliomba radhi kama inavyopaswa kuombwa. Alikaa chini kando ya kitanda chake akalia, akasema alimkosea, akasema alichoka na hakujua amweleze nani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuchoka si kosa," mama alisema. "Mimi nilimuuguza bibi yako, mama mkwe wangu, na kuna siku nilitamani afe. Najua kuchoka. Lakini mimi nilikuwa chumba cha pili, Kitinda. Ungefungua mlango ukaniambia mama nyamaza, nimechoka na wewe. Ningekutukana, halafu ningenyamaza. Umeenda kuwaambia watu."

Mama akamsamehe, akatamka kabisa kwamba amemsamehe, na siku ile ile akaendelea kusema asante na samahani. Fundi aliitoa ile karatasi mlangoni. Alilitoa godoro. Aliacha mlango wazi anapofundisha, akawa anakatiza somo katikati kwenda kuchungulia, na kila akichungulia anamkuta mama ameshika mikono yake mapajani anatabasamu, hajambo, hana shida, aendelee tu na kazi. Alijaribu hata kumchokoza, akachelewesha chai makusudi ili agombezwe. Mama akasema hakuna haraka. Mwishowe ni mama mwenyewe aliyemwambia kaka amchukue, akatoa sababu ya ngazi za msalani, na kaka, kwa kuwa safari hii mkewe ndiye aliyekuwa nyumbani tu, akakubali.

Wanafunzi wa Fundi wanaongezeka mpaka leo. Nyumba imetulia, sauti inatoka safi hata bila mablanketi.

Jumapili huenda kumwona mama. Yule mke wa kaka, msinielewe vibaya, ni mwanamke mwenye mdomo. Anamjibu mkwe wake kutoka jikoni kwa sauti ile ile anayoitiwa, kwamba asubiri, kwani yeye ana mikono mingapi, na leo ameshaitwa kama anauzwa mnadani. Mama anacheka mpaka anakohoa. Nyumba ile ni kelele tupu kuanzia asubuhi.

Jumapili iliyopita Fundi alikuwa ameketi kwenye mkeka miguuni pa mama, anamkata kucha. Amemaliza mguu mmoja. Mama akaanza kujisogeza kwenye kiti, akishika huku na huku, ni dhahiri anataka kuinuka aende msalani. Fundi akaweka kikata kucha chini, akainuka, akanyoosha mikono yote miwili. Alikuwa karibu sana kiasi kwamba pumzi ya mama ilimgusa usoni.

Mama akamshika bega, akalisogeza pembeni taratibu, asimuumize, ili apate kuuona mlango wa jikoni.

"Mkwe!" akaita, kwa sauti yake yote. "Njoo uniinue!"